Usifute Chochote, Fagio

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Fagio,

Hujambo huko kambini? Mgongo umepoa, au bado wanakubebesha masufuria ya kulisha wachimbaji wote peke yako? Sisi wa huku miili ni mizima. Mioyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana simu yako haipatikani, na dereva wa lori la vyakula anaondoka leo mchana kuja kwenu.

Kaa chini kwanza. Kitinda wetu ameumizwa. Mtu alimwandikia mtandaoni akijifanya msichana wa rika lake, akamzoea polepole, akamlaghai mpaka akapata picha ambazo mtoto hapaswi kupigwa. Kisha akamgeuka: tuma nyingine, la sivyo hizi zitafika shuleni. Mwanangu akawa hali chakula, hacheki, nasi tukasema ni umri tu. Mwishowe alimwambia mwalimu wake wa darasa, na mwalimu, Mungu ampe maisha marefu, alimshika mkono akamleta hadi kwenye cherehani yangu.

Huyo mtu unamjua. Ni Waya, yule fundi aliyetuvutia intaneti nyumbani. Tulimpa chai, Fagio! Wewe mwenyewe ulimtania kwamba anapanda ngazi kama paka mzee. Polisi waliifuata namba ya vitisho, ambayo Kitinda aliikumbuka, hadi kwake, akakamatwa, akafikishwa mahakamani. Anasema laini yake iliibwa. Vifaa vyake vilikutwa vitupu.

Sasa sikia balaa. Siku ile ile tulipojua, Baba Kitinda aliipeleka simu ya mtoto kwa fundi wa simu, ikafutwa yote, ikawa kama imetoka dukani. Alifanya kwa upendo, hakutaka mtu yeyote duniani amwone binti yake vile. Alimrudishia akamwambia, "Basi mwanangu, yamekwisha." Kumbe amefuta ushahidi. Mwendesha mashtaka alipouliza mazungumzo yako wapi, mume wangu aliinamisha kichwa. Juzi nilimkuta ameishika ile simu tupu analia.

Hakimu ameahirisha kesi kwa mara ya mwisho, mpaka mwanzoni mwa mwezi ujao. Mwendesha mashtaka ni mama asiyepamba maneno. "Bila yale maandishi, mama, huyu anatoka," aliniambia. Na tayari Waya yuko nje kwa dhamana. Jana alipita mbele ya kibanda changu akanisalimia, "Habari za kazi, dada?" Nilikuwa na mkasi mkononi. Nilimwomba Mungu anishike, akanishika. Nimechoka, mdogo wangu, nashona ovyo na nguo za watu naziharibu.

Ndipo mpelelezi alipomuuliza Kitinda simu ilikuwa ya nani kabla yake. Ilikuwa yako. Unajua kwetu simu zinarithiwa kama makoti, na hakuna anayehangaika kuondoa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kitinda aliiacha yako kwa sababu nyimbo zako zilikuwa zikimfuata humo. Na mtoto ana akili: kila tishio alilipiga picha pale pale kwenye skrini. Mpelelezi anasema kama akaunti ilikuwa ikihifadhi picha bila kuambiwa, basi vyote vimelala kwenye akaunti yako, mahali ambapo baba yake hakufika.

Sasa nakupigia magoti. Hatukukuita Fagio bure. Wewe ulifuta hata picha za harusi yako ili upate nafasi. Siku utakayofika penye mtandao, simu itakulalamikia kwamba imejaa. Usifute chochote, maana ukifuta hapo unafuta na kwenye akaunti. Usifungue, usimtumie mtu, hata mimi. Mpelelezi anasema kuzisambaza picha hizo ni kosa, hata kwa nia njema. Omba ruhusa, panda lori hilo hilo likirudi, nenda na simu na nywila yako kwenye kituo cha kwanza cha polisi, waambie wampigie mpelelezi wetu. Namba yake iko nyuma ya bahasha. Msimamizi wako akikataa, mwambie nitakuja kumpikia mimi, nawe unajua ninavyotia chumvi.

Na kama hamna kitu humo? Sijui, Fagio. Sina pengine pa kukimbilia.

Wasalimie wapishi wenzako. Mama anakusalimu sana. Hatujamwambia, anadhani mjukuu wake ana mafua yasiyoisha. Mwalimu naye amesema nikufikishie salamu zake. Baba Kitinda hakuleta salamu, si kwa ubaya, anaona haya hata mbele ya karatasi. Mungu akufungulie barabara, akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekungoja,
Mama Kitinda

Mama mdogo, ni mimi. Mama ameniruhusu niandike hapa chini. Wape polisi zote, hata zile. Lakini wewe usiangalie, tafadhali. Nataka ukirudi unione vile vile kama zamani.