Mstari Wangu wa Mkaa

Jumatano, 14 Aprili 1954

Mvua imeshika tangu alfajiri na bweni zima linanuka nguo mbichi. Njia ya kwenda Temeke ni tope tupu. Leo hakuna aliyetoka chuoni wala aliyeingia, isipokuwa habari mbaya, na hizo hazijali tope.

Homa ya Elinaza haijashuka.

Hii ni siku ya tisa. Amelala chumba cha wagonjwa nyuma ya zahanati yetu, na dresa, mganga wetu msaidizi, anasema ni homa ya matumbo, tena kali. Njia ikikauka atapelekwa hospitali ya mjini. Huku bwenini kitanda chake kiko jirani na changu. Mimi Mzaramo wa Mbwamaji, yeye Mpare wa milimani, na tangu tuanze kusomea ualimu hapa tunataniana: yeye ananiita mvivu wa pwani, mimi namwambia kwao hata mbuzi wanavaa makoti. Sasa kitanda chake kimetandikwa na sina wa kunitania.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Mwaka jana watu waliharisha sana hapa. Dresa alikuwa akituhubiria peke yake tusinywe maji ya kisima bila kuyachemsha, na sisi, walimu wa kesho, tukimcheka. Elinaza ndiye aliyesema kidole kimoja hakivunji chawa. Akatukusanya wanafunzi, akamwomba Mzee Kondo, mpishi wetu, atuachie jiko kila baada ya chakula cha mchana, akamleta dresa atufundishe. Ikazaliwa kamati ya afya. Kila siku mmoja wetu anachemsha maji ya kunywa ya chuo kizima, yakitokota vizuri anayamimina kwenye pipa, kisha anachora mstari wa mkaa kwenye mlango wa jiko. Mstari ukiwapo, watu wanakunywa bila wasiwasi. Kuharisha kukapungua, hata mwalimu mkuu, Mwingereza asiyesifu kitu, akasifu.

Jumamosi moja mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu.

Kuni zilikuwa zimelowa. Moshi ulinitoa machozi kama mfiwa. Nje wenzangu walikuwa wamekwisha kugawana timu za mpira, wananiita. Nikatia kidole kwenye maji, yakaniunguza kidogo. Nikajiambia maji ya moto ni maji ya moto. Nikayamimina, nikachora mstari wangu, tena mnene kuliko wa mtu yeyote, nikakimbilia uwanjani. Tulishinda. Elinaza alikuwa golikipa wetu, na mchezo ulipokwisha yeye ndiye wa kwanza kwenda kwenye pipa. Alikunywa vikombe viwili.

Baada yake wameugua wengine wawili.

Leo mchana nilikwenda kumtazama. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Kabla sijafungua kinywa akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, nadhani mimi ndiye niliyeharibu. Nilikunywa togwa pale sokoni Temeke. Sasa watu watasema maji yetu hayafai."

Nikamwambia apumzike. Hilo tu. Najichukia.

Na kweli watu wanasema. Nilipopita jikoni nikamwamkia Mzee Kondo, akaitikia huku akitikisa kichwa: "Marahaba, mwanangu. Mie niliwaambia nyie, maradhi ni ya Mungu. Maji mmeyatokosa mpaka kuni zangu zinakwisha, na watoto wa watu si hao wamelala?"

Wengi bwenini wanafikiri kama yeye. Kesho asubuhi kamati inakutana, na kila mtu anajua itaamua nini: zamu zivunjwe, watu wanywe maji ya kisima kama zamani. Hata dresa ameanza kunyamaza.

Nikinyamaza na mimi, nitakuwa nimekinywesha chuo kizima maji mabichi, si kwa siku moja bali kwa siku zote. Nikisema, nitafukuzwa, sina shaka; hapa aliwahi kufukuzwa mtu kwa kusinzia zamuni tu. Na mama yangu kule Mbwamaji ameshaanza kuitwa mama mwalimu.

Naogopa. Naogopa zaidi Elinaza asije akafa akijilaumu kwa kikombe cha togwa.

Jioni hii mvua ilipopungua nilirudi jikoni. Mistari ya muhula huu yote iko mlangoni, imepangwa saba saba kwa wiki. Wangu niliujua mara moja kwa unene wake. Nikaufuta kwa kiganja. Mkaa wa siku nyingi hautoki vizuri, umebaki weusi uliotapakaa, na hakuna atakayepita pale asiuone. Nimenawa mara mbili na kiganja bado hakijatakata.

Kesho kabla ya mkutano nitapitia kwanza kwa Elinaza, nimwambie togwa ile haina kosa. Kisha kamati watauliza nani kafuta mstari, nami nitanyoosha mkono.

Mungu anijalie nimkute macho.