Unga wa Pete

Deo, rafiki yangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wazee wa ukoo pamoja na mkuu wa shule, ninakutangazia rasmi kwamba mimi, mwalimu wa kemia mwenye miaka ishirini na minne kazini, nimeanza kuvaa miwani. Bendera haikushushwa nusu mlingoti na vipindi viliendelea kama kawaida. Kidato cha pili walihitaji siku moja tu kunipa jina: Darubini. Ungecheka mpaka ushike meza, maana ni wewe uliyesema kwamba nikisoma gazeti pale Muleba mkono wangu unafika Biharamulo.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Kibanda chako cha saa na funguo sokoni Bukoba amekichukua kijana wa kuchaji simu, na meza bado ina alama za jiliwa lako la kubania vyuma. Kaburi lako Rubafu limejengewa vizuri. Migomba uliyosema imechoka imezaa, mkungu mmoja umewekewa nguzo mbili. Kwaya bado wanatafuta mtu wa besi. Nimewaambia wasihangaike, wewe hukuwa unaimba besi, ulikuwa unanguruma tu huku ukiangalia wenzako wanaishia wapi.

Basi. Niache kuzunguka, maana leo ni Alhamisi na muda wenyewe ni mfupi.

Mke wako ameniuliza. Jumapili tulikuwa na misa ya kukuombea, mwaka mmoja tangu uondoke. Tulipotoka, Ma Paskazia akanishika kiwiko, akanipeleka pembeni kwenye kivuli cha ukuta, mbali na wanajumuiya. Akasema, "Shemeji, nitakuuliza mara moja tu. Pete yake ilikwenda wapi?"

Nikasema sijui.

Akanitazama. Unamjua anavyotazama, hapepesi. Akasema, "Mimi aliniambia imechomoka, vidole vimekonda. Mwaka mzima nimetafuta. Nimepekua kibanja mgomba kwa mgomba. Haikuchomoka. Ipo kwenye kidole cha mwanamke hapa mjini, na wewe unamjua." Kisha akaniambia ameitoa picha ya harusi ukutani. Jumamosi nikija nyumbani kwenu Bakoba nije na jibu, na kama sina jibu nisije.

Deo, mwanamke gani? Wewe uliyekuwa ukisalimiwa na mama muuza ndizi unaangusha koleo. Lakini ndivyo anavyoamini, na anavyoamini ndivyo anavyolala. Analala na mume mwizi.

Uliniapisha nisiseme. Nakuandikia kukujulisha kwamba nitasema. Ila kabla ya kumwambia yeye, nikuambie wewe, kwa sababu hata wewe nilikuficha kitu.

Unakumbuka ilivyoanza. Ule uvimbe chini ya taya ulikuwa kama tunda la kahawa. Uliniambia ni tezi tu, imevimba kwa kusikiliza maneno yangu mengi. Daktari alikuwa ameshakupa barua ya rufaa kwenda Mwanza, imo kwenye droo, chini ya mikanda ya saa. Ulikuwa unaiogopa barua ile. Nilipokuja Jumamosi nikataka kukutia moyo. Nikatoa simu, nikakusomea makala.

Kwamba wataalamu wanatengeneza chembe ndogo mno, nyingine za dhahabu. Kila chembe wanaivika kitu cha kuitambua seli ya saratani, ikiingia kwenye damu inazipita seli nzima na kwenda kujibandika kwenye ile mbovu. Halafu wanamulika mwanga maalumu, dhahabu inapata moto, seli mbovu inaungua pale ilipo na jirani zake hawasikii hata joto. Ukaniambia, "Profesa, waitu, ongea Kiswahili cha watu." Nami, kwa kuwa ni mimi, nikapamba. Nikasema ni funguo. Kila chembe imechongewa ufunguo wake, inapita mlango kwa mlango, kwa watu wema haigusi, hadi ifike kwenye kitasa cha mwizi. Hapo inaingia na kuwasha moto ndani.

Uliiweka chini saa ya mtu uliyokuwa unaifungua. Ukasema, "Kumbe ni kazi yetu."

Halafu ukauliza, "Ndogo kiasi gani?"

Nikajibu, "Ndogo kuliko unga."

Ndogo kuliko unga. Namwambia hivyo mtu mwenye tupa za kuchongea meno ya saa, anayejisifu kwamba vumbi lake ukilipuliza halirudi. Chembe zile, ukizilinganisha na vumbi lako, ni kama buni moja ndani ya Kanisa Kuu. Nilijua hilo. Nalifundisha. Nafundisha pia kwamba dhahabu haiyeyuki tumboni, inaingia ilivyo na kutoka ilivyo. Lakini ulikuwa unanitazama kama mtu anayesikiliza. Ulikuwa umenicheka tangu darasa la kwanza, Deo, na siku hiyo hukunicheka. Nikaendelea.

Makala ilikuwa na aya ya mwisho. Ilisema kazi hii kwa sehemu kubwa bado iko maabara, kwa panya na kwa wagonjwa wachache wa majaribio, na kwamba mgonjwa asiache tiba aliyoandikiwa. Nilikuambia mtandao ulikata pale. Haukukata. Niliisoma kimoyomoyo, nikaona inaharibu hadithi, nikairuka.

Uliyofanya baada ya hapo unayajua. Ukaibana pete kwenye jiliwa. Ukaisaga kidogo kidogo, jioni baada ya wateja, vumbi ukaliweka kwenye kopo la dawa ya viatu ulilolisugua mpaka likang'aa. Kila asubuhi ncha ya kisu kwenye uji wa ulezi, palepale kibandani, si nyumbani. Kisha juani, nyuma ya kibanda, shati wazi, kioo cha kunyolea kikirusha mwanga shingoni. Wapita njia walidhani unakausha jasho. Miezi minne, na barua ya rufaa droo ile ile.

Ulipokwenda Mwanza, tunda la kahawa lilikuwa limekuwa ngumi. Daktari alisema maneno matatu: "Ungekuja mapema, mzee." Ulirudi, ukakaa wiki tano, ukaondoka.

Kwenye matanga yako, Rubafu, nilisimama mbele ya watu. Walinipa nafasi kwa kuwa mimi ni rafiki na ni mwalimu. Nikasema, "Ningejua mapema kwamba rafiki yangu hajaenda Mwanza, ningembeba mgongoni." Akina mama wakalia. Baba paroko akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mke wako alinishukuru. Kwa mikono miwili, Deo, kapiga na goti.

Sasa ukweli.

Ilikuwa Jumamosi ya pili tu tangu ile makala. Hukuwa umemaliza hata robo ya pete. Saa nne asubuhi nikashuka kwenye basi nikaja moja kwa moja, na kibanda kilikuwa wazi bila mtu. Nikazunguka nyuma. Ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, macho umefumba kwa jua, kioo umekiegemeza kwenye tofali. Kidole chako kilikuwa na mstari mweupe pale pete ilipokaa miaka ishirini. Ukafumbua macho, ukanionyesha kopo. Ukasema, "Paskazia asijue, atasema nimekula ndoa." Tukacheka wote wawili. Nilicheka kweli.

Kisha ukaacha kucheka. Ukaniuliza, tena kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, sauti ya mwanafunzi, "Profesa, ninafanya sawasawa?"

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu. Uvimbe ulikuwa bado mdogo, barua ilikuwa hatua tano kutoka tulipokuwa, na basi la Mwanza linaondoka kila asubuhi. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni: Deo, nilikudanganya, nilisoma nusu, funga kibanda twende. Ni maneno machache. Kidato cha kwanza wangeyasema.

Nikaona ukinitazama. Nikaona nikisema tu nitakuwa tena yule Anselmi wa kuchekwa, na wewe utakuwa mgonjwa tena. Ulikuwa na wiki moja bila kuonekana mgonjwa. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ya kwanza ndiyo ya kweli.

Nikainama, nikakishika kioo, nikakigeuza kidogo.

"Kimelala," nikasema. "Mwanga unapiga begani. Kiweke hivi."

Ukasema, "Asante, Profesa." Ukafumba macho.

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Si kwamba sikujua. Nilikuja Jumamosi nyingine kumi na nne, na mara mbili nikakiweka sawa tena.

Jumamosi nitamwambia Ma Paskazia. Nitaanza na pete, ajue iliingia mwilini mwako, haikwenda kwa mtu. Halafu makala, halafu aya niliyoiruka, halafu kioo. Kioo nitakisema hata kama sauti itagoma, hata kama ataniambia nisikanyage tena Bakoba wala kaburini. Nakuahidi sitaishia kwenye pete.

Pumzika, Deo. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Ni mimi,
Anselmi