Inspekta Amekufa, Hajafa

Ijumaa, 3 Novemba

Wamemuua Inspekta! Misimu sita tumekaa naye, na leo wamemfungia ndani ya ghala, ghala likateketea. Zimamoto walipomaliza, kamera ikaonyesha kiatu kimoja kwenye majivu. Muziki. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Sebuleni kwetu wote wakasema kwa mpigo.

Kinyozi wa ghorofa ya chini – huja kila Ijumaa na kiti chake, maana vyetu havitoshi – anasema hajafa, mtu anayeuza matangazo namna ile hauawi. Jirani tunayemwita Redio anasema amekufa, ameona mahojiano, mwigizaji mwenyewe alikuwa analia. Na yupo Fundi wa lifti. Huyu alianza kuja lifti yetu ilipoharibika. Lifti ilishapona zamani. Yeye bado anaikagua.

Nikatoa hoja yangu: maiti haikuonekana. Kiatu si maiti. Nimesahihisha prufu za vitabu nusu ya maisha yangu, sikubali neno ambalo halimo kwenye ukurasa.

“Mzee kamaliza!” Kinyozi akajipiga paja.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, alikuwa anakusanya vikombe. Bila kugeuka, akasema Inspekta amekufa. Basi. Wamwache apumzike.

Sikutegemea hilo kwake. Ndiye aliyempenda kuliko sisi sote.

Jumamosi, 4 Novemba

Ubishi umehamia kinyozini. Nilishuka kunyoa ndevu, nikakuta wateja wawili, nyuso zimejaa povu, wanagombana kupitia kioo.

“Kiatu kilikuwa cha kushoto tu!”

“Kwa hiyo kaondoka anarukaruka?”

“Wewe cheka. Mtu hafi kiatu kimoja.”

Kinyozi akaniomba niwaamue. Nikarudia ya jana, maiti haikuonekana, na nikapigiwa makofi. Nakiri, nilifurahi. Ni muda mrefu sijashinda kitu chochote.

Nilipanda kwa ngazi. Nikasikia mwanamke anacheka ghorofa ya tatu, cheko la kuachia kabisa, nikadhani ni mgeni wa Redio. Kumbe ni Shemeji. Yuko na Fundi mbele ya lifti, kikapu cha nguo za kupiga pasi katikati yao. Waliponiona wakasalimia kwa adabu sana.

Jumatatu, 6 Novemba

Wamebadilisha kengele za mlango wa mtaani. Fundi kapewa na kazi hiyo. Kapanda na kibao kipya cha majina na kadi tatu nyeupe. Nikishaandika, atazipanga chini ya kioo na kukaza skrubu.

Alikuja na kibao cha zamani pia. Jina la tatu limefifia, halisomeki.

Ni la mdogo wangu. Kila nyumba tuliyoishi tangu tulipokimbia, nimeandika majina matatu mlangoni: langu, la mkewe, na lake. Tulipofika mpakani alirudi nyuma kutafuta maji. “Nakuja sasa hivi,” alisema, akamwachia mkewe koti. Shemeji alikuwa na mimba ya miezi saba. Lori likajaa, likaondoka nasi. Hakuna aliyemwona tena, si mzima, si maiti. Miaka ishirini na kitu. Jina linakaa pale ili akija kututafuta, ajue amefika. Likififia, nalichora upya kwa mkono, herufi za jalada, kama nilivyofundishwa kwenye kiwanda cha uchapaji.

Fundi akasafisha koo. Akauliza, kwa heshima yote, aache nafasi mbili au tatu.

“Tatu,” nikamwambia. Swali la kengele tu, nilidhani.

Jumatano, 8 Novemba

Binti yetu, ile mimba ya mpakani, kapiga simu kutoka hospitalini, wakati wa mapumziko. Ni muuguzi, hana muda wa maneno ya kuzunguka.

Akaniuliza kama najua Fundi anafuata nini kwetu. Nikamwambia lifti. Alicheka hadi nikaweka simu mezani nikasubiri amalize.

Halafu hakucheka tena. Fundi amemposa mama yake. Tangu mwezi uliopita! Na mama hajamjibu, kwa sababu mimi ndiye kaka mkubwa wa mume wake. Maadamu mimi nasema yule yu hai, yeye ni mke wa mtu. Hawezi kuniuliza, ataona kama ananiambia nimzike ndugu yangu. Na mimi sisemi. Kisha kila Ijumaa nakaa mbele ya watu na kutangaza kwamba maiti haikuonekana!

“Hayo ni ya Inspekta,” nikasema.

“Baba mkubwa. Tafadhali.”

Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje, ni baba yake. Akasema yeye baba yake hamjui, anayemjua ni mimi. Aliyempeleka shule ni mimi. Lakini mama yake anamjua pia, na mama yake anazeeka akiwa amesimama.

Nimeshindwa kusoma leo. Nimefungua vitabu vitatu.

Ijumaa, 10 Novemba

Kipindi chote hakuna Inspekta. Kuna mkewe tu. Kafungua kabati, kakunja makoti yake moja moja, kayapeleka kwa maskini.

Redio akawaka. Hana haya! Majivu hayajapoa! Kinyozi akamuunga mkono – hao wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Mwanaume akirudi atavaa nini?

“Mlitaka afanye nini?” Shemeji akasema. “Alale na makoti?”

Fundi alikuwa anakagua viatu vyake.

Na mimi – sijui ni mazoea, sijui ni woga – nikasikia mdomo wangu unasema: lakini maiti haikuonekana.

Akanigeukia, sinia mkononi. “Na isipoonekana kabisa, shemeji?”

Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza bei. Kinyozi akaongeza sauti ya televisheni.

Jumapili, 12 Novemba

Siwezi kukaa. Nimetembea hadi stesheni na kurudi, mara mbili. Kwenye foleni ya tiketi nimemwona mdogo wangu – mabega yale, ile tabia ya kusimama kwa mguu mmoja. Nilikuwa nimeshamkaribia ndipo nikaona ni kijana. Hajafika hata miaka thelathini.

Nikashtuka. Mdogo wangu kama yupo, ana mvi. Pengine ana kitambi, pengine anatumia fimbo. Mimi mzee mzima namtafuta kijana. Angepita mbele yangu leo nisingemjua.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Msafishaji akaniambia ninyanyue miguu, afagie.

Nilipofika nyumbani Shemeji alikuwa ameniwekea chakula, kafunika. Mikono yake ina makovu ya pasi hadi viwikoni. Mpakani ilikuwa mikono ya msichana. Nimekula chote ili asiulize.

Jumanne, 14 Novemba

Kadi mbili tayari. Langu, la Shemeji. Wino umekaa vizuri.

Ya tatu nimeipiga mistari ya penseli. Nikachovya kalamu. Wino ukakaukia kwenye nibu.

Nikichora, nimemfunga Shemeji. Nisipochora, nimemzika mdogo wangu. Kadi yenyewe haizidi upana wa vidole viwili!

Ijumaa, 17 Novemba

Leo wanamaliza msimu. Kinyozi ameweka ahadi: Inspekta akiwa hai, kunyoa bure mtaa mzima.

Naandika chumbani, mlango wazi, nawasikia. Binti kaja na basi la mchana, anadai kaja kuangalia tamthilia – yeye ambaye akisikia tu king'ora cha mwanzo wa kipindi hutoka nje! Redio kaja mapema, kamwona Shemeji na gauni la kijani, kafungua mdomo, kaufunga. Sijawahi kuona. Fundi kavaa koti, kakaa kiti cha karibu na mlango kama anayesubiri daktari. Kaweka kibao cha kengele magotini. Bado kiko wazi.

“Mzee!” Kinyozi kaita. “Tuambie kabla hawajatuambia. Amekufa au hajafa?”

Hakuna aliyecheka. Na sasa ndipo nagundua, televisheni haijawashwa.

Shemeji kaniletea chai. Kaiona kadi ya tatu mbele yangu, na ile mistari ya penseli. Akaweka kikombe mbali nayo, kwa uangalifu, isije ikalowa.

“Wanakusubiri, shemeji.”

“Wao?”

“Na mimi.”

Bado amesimama pale mlangoni, nami naandika kama mtoto anayejificha nyuma ya daftari. Chai inapoa. Nimemwambia amwite Fundi, aje na kibao chake na bisibisi. Uso wake haukubadilika, ila mkono umeshika fremu ya mlango.

Nasikia kiti kinasogezwa. Anakuja. Kadi mbili ninazo mkononi. Ya tatu bado iko mezani, na kifutio kiko juu ya mistari ya penseli. Nitamwambia Fundi nafasi mbili.