Mtani wa Mama Dirishani

Daloa, Jumapili

Kaka Salfo,

Picha ya pasi yako ya Italia imefika, Mama kaibusu. Mihogo imestawi.

Wewe huko umeshakuwa raia wao. Mimi niliyezaliwa hapa Daloa bado naulizwa kwetu wapi. Jumatano nilikwenda na Mama kuomba kitambulisho. Karani alipokea makaratasi vizuri tu, mpaka nilipomsomea Mama jina lililokuwa kifuani pa karani: Toé. Msamo, mtu wa Burkina kama wazazi wetu, wa kabila la watani wetu! Unamjua Mama akiona mtani.

"We mla mbwa, nani kakupa kiti? Mhudumie haraka binti wa bwana wako!"

Wenzake wote wakageuka. Kumbe pale kazini alijitia mwenyeji wa hapa.

"Mama, sikujui," akasema, jasho linamtoka. Akanisukumia makaratasi yangu. "Wageni hatuwahudumii."

Tulipofika getini akatupita mbio, kama anayefuata sigara, bila kututazama.

"Wala punda nyie," akanong'ona, jina lile watani wanalotuita.

Mama alicheka njia nzima.

Kesho tunarudi dirisha lile lile. Nimemwomba Mama safari hii anyamaze, ajifanye hamjui. Tangu nimwambie hivyo, hasemi na mtu.

Mdogo wako,
Rasmata