Alhamisi za Bi Mwanaidi

Somo yangu Bi Mwanaidi,

Leo ni Alhamisi ya saba tangu nikuoshe kwa mikono yangu. Nimekaa ukumbini kwako hapa Kisugu, Kampala, naandika kwenye karatasi nilizochana daftarini. Nyumba iko kimya, nasikia hata maji yakidondoka kwenye pipa uani. Juzi nilikumbuka kichekesho fulani, nikageuka nikuambie. Nilikwisha fungua mdomo.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo nisiloweza kumwambia mtu mwingine. Wewe mwenyewe ulinifunza hivyo. Siku ya kwanza uliponishikisha kata mbele ya maiti, uliniambia, "Zaituni, utakachokiona hapa usimwambie mtu. Hata mimi usinikumbushe." Miaka mitatu nimekaa kando yako kwenye ule ubao wa kuoshea, tukawaosha wanawake wa Kisugu, wa Kibuli, wa Nsambya, na sijatoa neno la yeyote. Lakini nilichokiona siku yako ni chako mwenyewe. Nisamehe, nitakukumbusha.

Kwanza niseme yangu, maana na mimi nilikuficha.

Nilipokuja kupanga chumba chako cha uani nilikwambia mume wangu Idrisa yuko Mombasa kwa mjomba wake, anaendesha lori, atarudi mambo yakitulia. Niliwaambia watu wote hivyo. Idrisa hakwenda Mombasa. Askari walimteremsha kwenye lori, penye kizuizi cha barabara ya Jinja, mchana kweupe, wakamtia kwenye buti ya gari, na tanboi wake, msaidizi wake wa lorini, alikimbia kwa miguu kuja kunipa habari. Nilikwenda kambini kuuliza mara moja tu. Mtu mmoja pale mlangoni aliniambia kwa upole kwamba nikirudi tena kuuliza sitatoka. Sikurudi. Hilo ndilo linalonila, Somo. Sikurudi.

Badala yake nikawa naupamba uongo. Mwaka ule wa kwanza, Idi, nilivaa leso mpya nikasema ameniletea msafiri kutoka kwa Idrisa. Mama Swaleh wa nyumba ya pili akaishikashika, akataka kujua bei za Mombasa, na mimi nikajibu. Wewe ulisema tu ina rangi nzuri. Kila mtu alikuwa akiniuliza habari za Mombasa. Wewe hukuniuliza hata siku moja. Nilidhani hunijali sana.

Sasa ile habari ya Alhamisi. Naomba radhi kwa uso niliokuwa naukunja.

Kila Alhamisi asubuhi ulikuwa unaacha mlango wa uani wazi, unatundika mashuka mawili kwenye kamba, unachemsha maji kwenye debe, na wanawake wanaolala nje kule Nakivubo na soko la Owino wanakuja kuoga. Mwenye nguvu unampa maji akajioshe. Asiye na nguvu unamwosha wewe. Na sabuni, mwaka ambao sabuni watu walikuwa wanaifungia kabatini, wengine wanafua kwa majani ya mpapai! Lakini sabuni ya msibani ilikuwa haina mwenyewe. Wafiwa huhangaika mpaka wanaipata kwa magendo ili maiti wao aoshwe vizuri, na kikibaki kipande hakuna anayetaka kukigusa. Wewe ulikuwa unavikusanya kwenye kopo.

Mama Swaleh alikuuliza siku moja, kupitia uzio, una faida gani kuwaogesha watu ambao saa sita watakuwa wachafu tena. Ukamjibu huku unasuuza kata, "Wakifa mtaniita niwaoshe. Sasa wangoje mpaka wafe?"

Mimi nilibeba maji kwa sababu nilikuwa naishi kwako. Nilibeba nikiwa nimegeuza uso. Aliyenichosha zaidi ya wote ni Nalongo, yule mwenye magunia matatu, ambaye hata akiwa chini ya maji hakubali kuyaachia, anayabana kwa miguu yakilowa. Nalongo kwa Kiganda ni mama wa mapacha, lakini mimi nilidhani wachuuzi wa Owino wamembandika jina kwa kumcheka. Alikuwa hasemi. Ananuna kimya, halafu kabla ya kata ya kwanza anasema bismillahi, wazi kabisa, na baada ya hapo hutasikia neno. Mimi nikimaliza kumsaidia nilikuwa nakwenda kujisugua mikono. Ulikuwa unaniona.

Miezi yako ya mwisho ulianza kufukiza udi kila wakati, asubuhi na jioni, mpaka nguo za kwenye kamba zinanukia. Ukawa unavaa gauni juu ya gauni hata jua likiwa kali. Nilikutania, nikasema Bi Mwanaidi unajiandaa kuolewa. Ulicheka ukakohoa, ukasema, "Nikipata mchumba utakuwa wa kwanza kujua."

Hukuniambia.

Alfajiri ile nilipoona hukutoka kuchukua udhu nikasukuma mlango. Ulikuwa umelala ubavu, mkono umeukunja kifuani kama mtu anayelinda kitu. Bado ulikuwa na joto kidogo. Nilikaa chini sakafuni.

Kulipokucha nikatuma ujumbe kwa mwosha mwenzako, Bi Rukia, kule Old Kampala aje tukuoshe. Akarudisha jibu kwamba barabara imefungwa, askari wanawateremsha watu kwenye magari, hathubutu. Wanawake wa mtaa walijaa ukumbini, wengi, wanakusifu na kulia, lakini nilipoomba mmoja aje animwagie maji, kila mtu akaangalia mkeka. Mama Swaleh akasema moyo wake hauwezi. Sikumlaumu, wangu pia haukuwa unaweza.

Ilikuwa Alhamisi, Somo. Mlango wa uani nilikuwa nimeusahau wazi. Akaingia Nalongo na magunia yake.

Alisimama akaangalia ubao umewekwa, akaelewa. Akayaweka magunia chini. Yote matatu, ukutani, akayaacha. Akaenda kwenye pipa akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaokota kata. Wale wanawake wakaanza kunong'ona, na Mama Swaleh akaniita pembeni kuniuliza kama nitakubali kichaa wa sokoni amguse Bi Mwanaidi. Nikamwambia kama yupo mwingine aje. Hakuna aliyekuja. Nikafunga mashuka, tukabaki watatu.

Nikaanza kama ulivyonifunza. Nikakusitiri kwa leso, nikakubinya tumbo polepole, nikakutawadhisha. Upande wa kulia. Halafu nikaingiza mkono upande wa kushoto na kitambaa, na mkono wangu ukakuta bandeji za vitambaa, tabaka juu ya tabaka, zimegandana na mwili. Nilizilowesha kwa maji ya mkunazi moja moja. Mpaka nikakiona kilichokuwa chini. Titi lako, Somo. Sitaandika lilivyokuwa, unajua mwenyewe. Nilijua sasa udi ulikuwa wa nini.

Nikashindwa. Mimi niliyeosha waliofia njiani, waliokaa siku mbili, nikaegemea ukuta nikashindwa kuendelea. Nalongo hakushtuka. Alishusha kata akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu, "Mimi najua. Nilimpeleka hospitali."

Nikamuuliza lini. Akasema mwaka jana, mara mbili. Walimkatalia kuingia kwa sababu ya magunia, akakaa nje kwenye majani akikungoja. Ulipotoka ulimwambia daktari aliyekuwa anajua ugonjwa ule amekimbia nchi, na aliyebaki amekwambia umechelewa. Mkarudi kwa miguu. Njia nzima ulimshika mkono.

Nililia kwa wivu, nakwambia kweli. Nimekaa nawe nyumba moja miaka mitatu, na siri yako ukampa mtu anayelala barazani. Nikamuuliza kwa nini wewe, kwa nini si mimi. Akafikiri, akasema, "Alisema wewe iko na yako. Mume wako walichukua. Hakutaka kukuongezea."

Ulikuwa unajua. Siku zote za Mombasa, ulikuwa unajua.

Tulimaliza kukuosha. Yeye alimwaga, mimi nikasugua, maji ya mwisho nikatia kafuri. Nywele nilikusuka mikia mitatu. Zilikuwa chache, sikuwa najua zimekuwa chache hivyo. Tulipokuvisha sanda alisema jina lako mara moja, akaokota magunia yake, akatoka kwa mlango wa uani kabla sijamshukuru. Ulizikwa baada ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi, ungefurahi, ingawa ungesema wamechelewesha jeneza.

Baada ya hapo, Alhamisi ya kwanza nilichemsha maji. Hakuja mtu. Ya pili nikachemsha, yakapoa. Ya tatu vilevile, na mimi nimekaa juu ya ndoo nimeangalia mlango tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata wiki ile ya Idrisa, maana wiki ile nilikuwa na hasira na hasira nayo inakaa na mtu. Ya nne sikuchemsha. Nikavaa, nikateremka Nakivubo.

Nilimkuta Nalongo kwenye baraza la duka moja lililofungwa tangu Wahindi waondoke. Amejifunika gunia, ana homa. Nikamuuliza mbona huji. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mwenye kutuita amekufa," akasema. "Nani ametuita?"

Nikakaa naye pale chini, watu wakipita. Nikamwambia mimi nimekuja kuwaita. Halafu nikamuuliza jina lake, baada ya miaka mitatu. Anaitwa Hadija. Mapacha ni wa kweli, wa kiume na wa kike. Mumewe alikuwa karani, walimchukua ofisini, na yeye alikwenda kuuliza. Alikwenda kila siku, Somo. Kila siku, kambi kwa kambi. Mpaka ndugu za mume wakaogopa atawaletea askari nyumbani, wakawachukua watoto wakawapeleka kijijini, wakafunga nyumba kwa kufuli lao. Magunia yale yana nguo za watoto na karatasi za mume wake. Basi. Mimi sikurudi kuuliza, nikabaki na paa. Yeye alirudi. Nilikuwa nampa kisogo mwanamke aliyefanya nililoshindwa.

Nikambebea gunia moja, akabeba mawili, tukapanda kurudi Kisugu polepole kwa ile homa. Karibu na reli kulikuwa na askari wawili. Mmoja akatusimamisha. "Wewe mama, simama. Kipande iko wapi?" Nikampa kitambulisho changu. Akamnyooshea Hadija kidole. "Na huyu? Huyu ni nani yako?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, unajua nilivyo mzoefu. Ningeweza kusema ni mgonjwa, ni mwombaji, simjui. Nikasikia sauti yangu inasema, "Dada yangu. Mume wake alichukuliwa. Wangu pia alichukuliwa." Ndiyo mara ya kwanza kulisema kwa kinywa changu, na nilimwambia askari.

Yule kijana alinitazama, macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Akageuka kuona kama mwenzake amesikia. Mwenzake alikuwa anapekua kikapu cha mtu. Akanirudishia kipande, akasema chini chini, "Pita, mama. Usiseme hiyo tena barabarani." Alisema "mama" kama mtu aliye na mama yake mahali fulani. Tukapita. Hatukugeuka nyuma.

Hadija analala chumbani kwako. Mpwa wako wa Masaka, aliyerithi nyumba, amesema tukae mpaka atakapoamua, sijui ataamua nini, naogopa kumwandikia. Homa ilimwachia Hadija baada ya siku tano. Asubuhi ya leo walikuja wanawake wanne, mmoja mgeni, ana mimba kubwa. Hadija ndiye aliyekuwa anamwaga maji. Mimi nilisugua mgongo wa yule mgeni, na nikamuuliza jina lake kwanza.

Mama Swaleh nilimwambia ukweli wa Idrisa wiki iliyopita. Nilidhani atautangaza mtaa mzima. Aliuma pindo la leso yake, kisha akaniambia jambo lake mwenyewe, ambalo sitaliandika hata kwako. Miaka yote ile, na sauti yake ile kubwa, alikuwa amekalia jambo kama lile. Akaniomba nisimwambie mtu. Nimezoea.

Barua hii sitaiweka. Nikishakusomea kwa sauti, inaingia motoni.

Nakuaga, Somo. Mungu akulaze pema, akupe huko mtu wa kukushika mkono, kama ulivyowashika wenzako. Nimekukasirikia sana kwa kunificha, na nimekusamehe, na wewe nisamehe kwa Mombasa. Nakuahidi mambo mawili. Alhamisi mlango utakuwa wazi, kama si hapa basi popote nitakapopata ua na maji. Na la pili ni gumu zaidi kwangu: siku nikiumwa, mwili au moyo, nitamwambia Hadija jioni hiyohiyo.

Mwanafunzi wako,
Zaituni