Bolti Zilizotazama Nje

Paskalina,

Waliponipigia simu kwamba umeanguka na ubao wa magurudumu, niliwajibu, "Haiwezekani, magurudumu ninayo mimi." Nilibishana nao kabisa! Nikaenda kuangalia kwenye kopo la rangi, kwenye gereji ya baiskeli ya baba. Yalikuwemo yote manne, na beringi zake.

Na wewe ulikuwa umeshakufa.

Wiki tatu sasa, na hasira haijaisha. Si wewe uliyeweka ile sheria? Ubao na ekseli, vile vyuma viwili vya kubeba magurudumu, vikae kwako Endagikot. Magurudumu na beringi zikae kwangu Dongobesh, asiwepo wa kumtangulia mwenzake. Mama yako alitucheka, wasichana wazima tunagawana kibao kama nyama ya sikukuu. Ukaniambia, "Wewe fundi, mimi dereva. Fundi asipokuwepo, dereva hapandi." Maneno yako hayo, Paska.

Nikakuomba unisubiri nimalize kuvuna vitunguu swaumu, ndipo nije kuufunga ubao wetu. Ukasema, "Hamna shida, nasubiri." Kumbe ulishapita mnadani Katesh, ukanunua viatu vya magurudumu vya mtumba, ukavingʼoa magurudumu yake! Siku moja kabla hujaanguka tuliongea kwenye simu, ukaniuliza vitunguu vinaendeleaje. Ulinidanganya kwa sauti ya kawaida kabisa. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi familia yako iligawa vitu vyako. Shangazi yako alichukua vitenge, wadogo zako wakachukua viatu. Mama yako aliitikia shikamoo yangu, akaingia ndani, akatoka na ubao umefungwa kwenye khanga. "Chukua, mwanangu. Mimi siwezi kuuangalia." Nilitaka kuutupa kwenye moto wa jikoni mbele ya watu wote. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Nilipofika nyumbani niliugeuza juu chini. Ekseli zote mbili umezifunga kinyume. Zile bolti nene za katikati zilikuwa zinatazama nje! Mara ngapi nilikuonyesha kwenye simu yangu? Zitazamane, zitazamane ndani, la sivyo ukiinama kushoto ubao unakwenda kulia. Wewe ulikuwa unaitikia "eeh, eeh" huku unamaliza karanga zangu.

Waliokuona wanasema kwenye kona uliinamia upande wa mlima, na ubao ukakupeleka mtaroni, upande wa pili. Wengine wanasema ni kokoto, wengine mwendo. Mama yako anasema Mungu amependa. Ninayejua ni mimi peke yangu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, Paska, na spana moja! Ungenipigia tu. Ningeviacha vitunguu shambani vioze, ningekuja na miguu yangu.

Sasa umeniachia jambo hili nilibebe mwenyewe, wewe uliyesema tutafanya kila kitu wawili. Na kumwambia mama yako siwezi. Anashukuru kwamba ulikufa unacheka, ndivyo walivyomwambia. Nikimwambia ni bolti tu, atabaki na nini? Basi, sitamwambia. Nakuahidi hilo hata kama hukustahili, na nitakwenda kumsaidia kuvuna mahindi ulivyokuwa unafanya. Nikimaliza nitapita kaburini kukugombeza, ujiandae.

Jana nilifungua nati zote. Niliyatoa yale magurudumu ya mnadani, nikageuza ekseli, nikafunga yetu na beringi zake, nikazipaka grisi. Halafu nikapanda taratibu kwenye sakafu ya saruji ya gereji, baba ananitazama.

Lala, dereva wangu. Sijakusamehe. Niliinama kushoto, na ubao ukaenda kushoto.

Fundi wako