Tonge la Mama Mkwe

Mbarara, Jumanne

Bado naisikia shingo ya mume wangu. Daktari alipoibonyeza ililia ndani kama mfuko wa nailoni. Akamnywesha dawa, akampiga picha, na dawa ikaonekana inavujia kifuani.

"Njia ya chakula imetoboka," akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Mwiba ya samaki ilipokwama, alimeza nini?"

Fufu, ugali wetu wa muhogo, nikamjibu. Matonge makubwa, bila kutafuna, ili yausukume chini. Kwetu Kivu ndivyo tunafanya.

"Hiyo ndiyo iliumiza yeye. Na nyinyi mulichelewa sana. Kesho tunapasua, lakini omba Mungu."

Sikusema nani aliyafinyanga yale matonge. Mume wangu alinishika mkono, akanong'ona: "Mama asijue."

Naogopa kesho. Kama hataamka, mimi nitarudi kambini Nakivale kwa mama yake na uso gani...

Jioni mama mkwe akapiga simu. "Binti yangu, ule mwiba ulishashuka?"

"Ulishashuka, mama. Fufu yako ilimusaidia."

Akamshukuru Yesu kwa sauti, akaanza kuimba. Nikaifunika simu kwa kitenge, asisikie vile mwanawe anavyohema.